Aliyekatika Hajaondoka

Kwetu Issuna, mtu akiingia mahali penye watu anaamkia. Haijalishi umetoka kuchota maji au umetoka Ulaya. Umewakuta watu, amkia, na uanze na mkubwa wao. Nimelelewa hivyo na sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ulianza siku ilipoingia kwenye simu.

Ukoo wetu umetawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Baba mdogo yuko Mkalama na vitunguu vyake. Dada yangu ameolewa Dodoma. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida, na nyumbani Issuna amebaki baba pamoja na shangazi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mumewe. Tulikuwa tunaonana misibani tu. Basi simu za kuita watu wengi kwa pamoja, sauti na picha, zilipowafikia hata wazee wetu, tukakubaliana kila Jumapili baada ya ibada tukutane humo. Wazo lilikuwa zuri sana. Utekelezaji wake ulinitoa jasho.

Mambo yalikwenda hivi. Dada anaingia. "Shikamoo baba." "Marahaba, hamjambo huko?" "Hatujambo." "Watoto?" "Wazima." "Baba yao?" "Mzima." "Mvua zimenyesha?" Anakuja shangazi, naye aamkiwe na aulize yake. Anaingia baba mdogo, anamwamkia kaka yake, nasi tunamwamkia yeye, mmoja mmoja. Hapo mtandao wa Mkalama unamtupa nje. Anarudi. Sasa aliyerudi ameingia, na aliyeingia anaamkia. Anaanza upya kwa baba, na baba, mtu asiyejua kujibu salamu nusunusu, anauliza tena habari za mvua. Wakati huohuo dada naye amekatika.

Jumapili moja tulisalimiana mpaka bando la watu wote likaisha, na hakuna aliyesema neno jingine lolote. Baba alisema baadaye kwamba kikao kilikuwa kizuri.

Nilipendekeza kwamba tukishaamkiana mara moja inatosha. Baba akaniuliza ni nani aliyenifundisha kupita mbele ya watu kama mbuzi. "Heshima si utumwa, mwanangu," akasema. Nikafunga mdomo, nikafura peke yangu huko Unyambwa.

Aliyetuokoa ni shangazi. Huyu ni mwalimu wa kwaya ya usharika, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe na imani kubwa katika maoni yake mwenyewe. Akiinua mkono, watu wazima na akili zao wananyamaza. Ameziimbisha sauti nne kwa miaka, na mazungumzo yetu ya simu aliyaona kuwa kwaya mbaya tu: kila mtu anaingia anapotaka, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Hakuanza na simu. Alianza na chai.

Nilikuwapo siku hiyo. Alitoka jikoni na sinia lenye vikombe, akakaa barazani karibu na baba, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Dada alipoingia akaamkia, shangazi akamimina chai kwenye kikombe kimoja, akasema kwa sauti, "Hii ni yako, mwanangu." Baba mdogo alipoingia, akamiminiwa ya kwake. Muda si muda Mkalama ikakatika, kama kawaida yake. Aliporudi akaanza, "Shikamoo kaka..." Shangazi akamwekea mkono mbele ya kioo.

"Wewe umetoka kwenda wapi?"

"Nimekatika."

"Chai yako hii hapa, inafuka moshi. Mtu ambaye chai yake ipo mezani amekwenda wapi? Umeinama kufunga kiatu. Endelea ulipoishia."

Baba akakitazama kile kikombe muda mrefu. Niliona anaipima hoja hiyo kama mtu anayekagua meno ya ndama. Mwisho akasema, "Ni kweli, hajaaga." Basi hapo sheria ikapita. Anayekatika hajaondoka. Kinachomwondoa mtu ni kuaga. Akishaaga, shangazi anakichukua kikombe chake na kutugawia sisi tuliopo, ndiyo maana Jumapili nilizokuwa nyumbani nilikunywa chai ya watu wa wilaya zote, nyingine imepoa kabisa.

Sheria ya pili ilikuja wiki chache baadaye, na hiyo mimi naiona ndiyo kubwa. Aliyekatika akirudi, kabla ya yote, ataje neno la mwisho alilosikia. "Umeishia wapi?" shangazi anauliza, kama anavyowauliza waimbaji wake. "Nimeishia kwenye mbegu za alizeti." Basi anayesema anarudi kwenye mbegu za alizeti, habari inaendelea. Kabla ya hapo mtu alikuwa akirudi anajifanya ameelewa, anaitikia "ndiyo, ndiyo" juu ya jambo ambalo hakulisikia, na tulikuwa na ugomvi wa ukoo uliozaliwa na "ndiyo" za namna hiyo.

Mengine alijifunza kwa kukosea na kukasirika. Aligundua kwamba mtandao ukichoka, picha ndizo zinazoumiza sauti, akatuamuru tuzime. "Zimeni, sura zenu tunazijua, hazijabadilika tangu Jumapili." Aligundua kwamba baba akiongea jambo la maana hukaa kidogo akasimama, akaanza kutembea na simu mkononi, akifika karibu na ukuta wa usharika, jirani zetu, simu inashika waifai ya ofisi ya mchungaji, akigeuka kuelekea zizini inaiacha na kuhangaika kuurudia mnara, na katika kuhangaika huko watu wote wanapotea. Shangazi akaizima waifai kwenye simu ya baba. "Afadhali mmoja dhaifu kuliko wawili wanaomgombania," akasema. Baba akatembea alivyotaka, na kikao hakikukatika.

Nampenda shangazi, lakini sikuwahi kumstahi kwa kiasi nilichomstahi Jumapili zile. Amri zake zote nilizitii, hata za kuniudhi, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nilipoondoka nyumbani nilijua baba amekula nini na amelala vipi. Alichukua kitu kinachokatikakatika akakifanya baraza ya watu.

Mtu mmoja tu hakuwa na kikombe. Kaka yetu.

Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu. Bibi yetu, mama yake baba, alipofariki, yeye alikuwa barabarani, akafika Issuna kaburi limeshafukiwa na watu wamekaa kula. Baba, akiwa na uchungu wake, alimwambia mbele ya waombolezaji, "Karibu, mgeni. Mpeni mgeni chakula." Kaka hakukaa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama kaburini, kisha akaondoka kama alivyokuja. Tangu siku hiyo baba na mwanawe hawakusemezana. Mimi nilikuwa nikiongea na kila mmoja wao peke yake, na wote wawili waliniuliza habari za mwenzake kwa kuzunguka, kama watu wanaoulizia bei ya kitu ambacho hawana nia ya kununua.

Kisha koo la baba likaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi, maana kwetu upepo ukianza kuvuma unabeba nusu ya shamba. Dawa za kikohozi zikapita bila kufanya kitu. Dada akamchukua, akampeleka hospitali huko Dodoma, na daktari akatuambia kwa upole kwamba kuna uvimbe, na kwamba ili kuuondoa ingebidi kuondoa na sanduku la sauti. Baba angepona, Mungu akipenda. Angekula, angelima kidogo, angecheza na wajukuu. Lakini kusema kwa sauti yake, hapana tena. Akaruhusiwa kurudi nyumbani kujiandaa, na upasuaji ukapangwa kufanyika Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Baba alipokea habari hiyo kwa utulivu uliotuogopesha. Alisema amesema vya kutosha katika maisha yake. Shangazi hakubishana naye. Alikwenda nyuma ya nyumba, akampigia kaka. Nilimsikia, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumwona baba, na sauti ya shangazi haijui kunong'ona.

"Mwanangu, uko wapi?"

Alikuwa amevuka Tunduma, yuko ndani ya Zambia na mzigo wa watu, akielekea Kongo. Gari kama hilo haliachwi njiani.

"Nisikilize. Sauti ya baba yako inaondoka Alhamisi. Baba mwenyewe atabaki, lakini sauti inaondoka. Jumapili baada ya ibada uwe kwenye simu."

Sikusikia kaka alijibu nini. Nilimwona shangazi tu amesimama, ameuegemea ukuta, anaitikia kwa kichwa kana kwamba kaka anamwona.

Jumapili ilipofika, upepo uliamka kabla yetu. Hilo lilikuwa tatizo. Mahali penye mtandao mzuri kwetu ni juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na juu ya jiwe upepo unapiga mpaka kofia haikai kichwani. Ndani hakuna upepo, lakini ndani simu inapata nusu ya neno. Na sauti ya baba wakati huo ilikuwa imebaki kama karatasi inayokunjwa. Upepo kidogo tu ungeimeza.

Shangazi alizunguka jiwe lile mara kadhaa, simu mkononi, akitazama vile vijiti vya mtandao kama anavyotazama maziwa yanayotaka kuchemka. Upande wa machweo akapata mahali penye bonde dogo kwenye mwamba, ambapo mtandao ulikaa na upepo ukapita juu. Tukamkalisha baba hapo kwenye kigoda. Kwa kuwa upepo bado ulikuwa ukizunguka pembeni, mimi na shangazi tukashika khanga mbili, huku na huku, tukawa ukuta. Mikono iliniuma mpaka jioni. Sinia la chai likawekwa kwenye mwamba, na sasa lilikuwa na kikombe kimoja zaidi.

Dada akaingia, baba mdogo akaingia, wakaamkia, wakamiminiwa. Kisha ikaingia namba ya kigeni, haina picha, ngurumo ya injini nyuma yake. Siku hiyo dereva mwenzake kaka ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

"Shikamoo baba," kaka akasema.

Baba hakujibu mara moja. Niliogopa mtandao umekatika, nikaogopa zaidi kwamba haujakatika.

"Marahaba," akasema. "Mmepata mvua huko?"

Shangazi akamimina chai kwenye kile kikombe kipya. Kisha akawa mwalimu wa kwaya tena. Aliwaambia dada na baba mdogo waage, ili sauti zibaki mbili tu na mtandao usigawanywe. Baba mdogo akalalamika kwamba ameingia sasa hivi. "Chai yako nitainywa mimi," shangazi akamjibu, "na nitakuombea." Wakaaga. Tukabaki sisi kwenye jiwe, na kaka kwenye njia ya Zambia.

Baba akakohoa, akasema polepole, akipumzika kati ya maneno.

"Siku ile tulipomzika bibi yako. Nilikuita mgeni."

Akavuta pumzi. "Lile neno nililisema kwa sababu nilikuwa nimekungoja. Nilikuwa nimewakatalia kufukia. Watu wakanishinda. Hasira ilikuwa yangu na ya kaburi, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Sikuwahi kumsikia baba akisema neno hilo kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Tukangoja. Ngurumo ya injini haikuwapo tena. Shangazi akatazama kioo: kaka hayupo.

Uso wa baba ulikunjamana. Akaisukuma simu kwa mgongo wa mkono. "Amenikatia," akasema.

"Hajakukatia, kaka."

"Nimeomba msamaha, na amenikatia simu."

Shangazi akaacha khanga, ikapeperuka ikanipiga usoni. Akakichukua kikombe cha kaka, akamwekea baba mkononi, na akamfunga vidole vyake juu yake. "Shika. Ina moto?"

"Ina moto."

"Ameaga?"

Baba akaitazama simu.

"Nakuuliza, ameaga?"

"Hajaaga."

"Basi yupo. Ni mnara tu umemwacha, na mwingine bado haujampokea. Kaa."

Tukakaa. Mimi nilitaka kupiga, shangazi akanikataza. Alisema tukipiga na yeye akipiga tutakutana mlangoni na hakuna atakayeingia. Nilimchukia kidogo kwa utulivu wake. Baba alishika kile kikombe kwa mikono miwili, na moshi wake ukawa unapungua, nami nikawa namwomba Mungu chai isipoe, ombi la kijinga kuliko yote niliyowahi kuomba.

Simu ikaita. Injini, kelele, kisha kaka: "Haloo? Haloo, baba?"

Shangazi akawahi kabla ya mtu yeyote. "Umeishia wapi, mwanangu?"

Kaka alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nimeishia kwenye mgeni."

Yaani yote yaliyofuata hayakumfikia. Alichobeba njia yote ile isiyo na mtandao, alichoamua kupiga nacho tena, kilikuwa ni baba yake akimkumbusha tu kwamba aliitwa mgeni. Na bado alipiga. Kama shangazi asingeuliza, angeitikia "ndiyo, baba", na baba angedhani msamaha wake umepokelewa kwa ubaridi, na wangeachana hapo, mmoja na sauti yake ikielekea kisuni.

Shangazi akamgeukia baba. Kwetu mzee harudii msamaha. Kuutoa mara moja ni mlima tosha. Baba akaitazama ile chai. Kisha akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akaisogeza simu karibu na mdomo, na akaanza tena kutoka kwenye mgeni. Akasema yote: kungoja, kaburi, watu waliomshinda, hasira. Safari hii sauti ilikatika katikati ya maneno, na si kwa sababu ya mtandao. Alipofika kwenye nisamehe, ilitoka pumzi tupu, akairudia mpaka ikasikika.

"Nilichelewa, baba," kaka akasema. "Nilichelewa kweli."

"Ulifika," baba akasema. "Ndilo nililopaswa kusema siku ile. Ulifika."

Nilisikia kaka akilia, mwanaume mzima, na mwenzake akimwuliza kuna nini. Mimi nililia ndani ya khanga, kwa hiyo hakuna aliyeniona.

Baada ya hapo baba hakunyamaza. Mtu aliyedai amesema vya kutosha aliongea mpaka jua likateremka. Alimwuliza kaka habari za matairi na za chakula cha njiani. Alimweleza ng'ombe yupi ni wa ukoo wa yupi. Alimsimulia habari za bibi, za utoto wake mwenyewe, akihamia Kinyaturu chetu pale Kiswahili kilipokuwa chembamba. Walikatika mara nyingi mle njiani, na kila mara kaka alirudi na neno lake la mwisho, "nimeishia kwenye ndama mwekundu", "nimeishia kwenye njaa", na baba akaendelea. Shangazi alibadilisha chai ile ilipopoa. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi yake vizuri hivyo, na nilimwambia. Akaniambia nishike khanga vizuri.

Upasuaji ulifanyika Alhamisi. Baba akapona, akarudi Issuna amekonda, kitambaa cheupe shingoni, na kimya. Kaka alikuwa bado huko kusini, kwenye foleni za kurudi, na dada akatuuliza kama Jumapili tuendelee au tumpumzishe mzee. Baba alipoelewa swali hilo, aliinuka akaenda mwenyewe kuleta sinia.

Tukakaa barazani. Kaka alipoingia, kwa mara ya kwanza aliingia na picha. Alikuwa ameegesha lori kando ya barabara, amezima injini, amekaa kwenye ngazi ya mlango, jua limempiga usoni. Alikuwa ameota mvi ambazo sikuzijua. Alimtazama baba kwa muda.

"Shikamoo baba."

Baba mdogo, kwa huruma yake, akafungua mdomo huko Mkalama amjibie kaka yake, na shangazi akamnyooshea kidole kwenye kioo, akanyamaza. Baba akaisogelea simu. Midomo yake ikatamka, polepole, yote, bila kuacha kitu: marahaba. Haikutoka sauti yoyote.

Kaka alikuwa ameinama juu ya simu yake mpaka tukaona jicho moja tu.

"Nimesikia, baba," akasema.